Baraka Isiyovuka Tuta

Jivu la jikoni huwa nalimwaga nyuma ya zizi la mbuzi, karibu na minyaa, na huko ndiko Mbuke alikokwenda kuchuchumaa asubuhi ile kwa sababu chooni kulikuwa na nyoka. Yaani alisema kulikuwa na nyoka. Kila siku asiyotaka kwenda shule, chooni kunakuwa na nyoka.

Nilikuwa nakuja na ndoo ya jivu la moto wa jana. Alipoinuka na kukimbilia mtungini kunawa, nikapaona pale alipokuwa. Jivu ni jeupe, halifichi kitu. Mkojo ulikuwa umechimba kishimo, na ukingoni mwa kile kishimo kulikuwa na wekundu, si wekundu wa damu ya kuku, bali ule wa maji yaliyosuuziwa nyama. Nikatua ndoo. Nikainama mpaka mgongo ukalia.

"Bibi, umepoteza nini?" Mbuke akauliza.

"Sindano."

"Nikusaidie kuitafuta?"

"Nawa miguu. Na leo shule utakwenda, nyoka au si nyoka."

Mbuke ni kitukuu changu, mtoto wa marehemu mjukuu wangu Sayi. Meno yake mawili ya mbele yameota makubwa kuushinda uso, na tangu aache kunyonya analala nyuma ya mgongo wangu. Namjua anavyokohoa, namjua anavyodanganya. Hilo la mkojo sikulijua, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kulitazama. Nani anaangalia paa baada ya kuezeka?

Maana mimi mwenyewe nilimfuha. Mwaka uliopita, siku ya kufungua maji ya majaruba, nilimsimamisha Mbuke mbele ya watoto wote wa kijiji chetu, Mwanongu, na kumbariki. Msukuma akitaka kumbariki mtu haishii kwenye maneno. Hupiga funda la maji kwenye kibuyu, huyashika kinywani, kisha huyapuliza juu ya yule mtu, usoni na kifuani, naye hufumbua kinywa kidogo yapate kuingia. Hiyo tunaiita kufuha lubango. Bibi yangu alinifuha hivyo, na bibi yake alimfuha yeye.

Nilipomaliza kuwafuha watoto wote, niliwaambia: "Sasa vueni viatu."

Wakavua viatu vyao vya mpira, vile virefu vya kufika magotini vinavyonaswa kwenye tope na kuvunja miche. Wakavipanga juu ya tuta na kuingia majini miguu mitupu, wakicheka, kwa sababu Bibi Wande amesema.

*

Limi ndiye aliyeanzisha jambo hili, na alilianzisha kwenye kigoda changu. Ni mdogo wake Sayi, daktari wa maabara ya chanjo kule Mwanza. Alikuja kunisalimu, nikampa karanga na matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula anachokipenda tangu utoto. Akawa anatafuna huku ananitazama nikimfuha mtoto wa jirani aliyekuwa anasafiri. Akaacha kutafuna.

"Bibi, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyofanya. Na huyu mtoto amefumbua kinywa kwa nini?"

"Baraka iingie ndani. Ulitaka ibaki kwenye shati?"

Miaka ile vidonge vya kichocho vilikuwa vimekufa. Mnyoo ulikuwa umevizoea kama paka anavyozoea kufukuzwa jikoni, ukawa unavimeza pamoja na mtoto. Bwawa lilikuwa limechimbwa baada ya mvua kupoteza akili, mpunga ukawa ndiyo maisha yetu, na mpunga haupandikizwi na mtu mkavu. Mashine zililetwa zikazama kwenye tope mpaka kiunoni. Zipo pale bado, ndege wamejenga juu yake. Vyuma vinavyoruka vinaweza kumwaga mbolea, lakini mche wa mpunga unataka vidole.

Limi alirudi baadaye na kichupa kidogo kama cha wanja. Alinieleza kwa utaratibu, na mimi ni mtu wa darasa la saba, nikaelewa. Kinywani mwa kila mtu, alisema, vimo vijidudu visivyo na ubaya. Yeye alivichukua hivyo akavivalisha koti la mnyoo wa kichocho. Mwili wa mtoto ukikutana na lile koti mdomoni, unajifunza kulichukia. Siku mnyoo wenyewe unapotoka kwa konokono ukatoboa ngozi ya mguu ndani ya jaruba, unakuta unangojewa.

"Kwa mzee aliyetiwa tone, vinakaa miaka, na vinatoka na maji kila anapofuha," alisema. "Kwa anayefuhwa tu vinakaa muda mfupi, vinamfundisha, vinakufa. Yeye hawezi kumpa mwenzake."

"Kama mwalimu wa kujitolea."

Alicheka, akanitia tone chini ya ulimi. Lilikuwa na ladha ya ndimu. Aliniambia nisile mpaka jua lipande. Nikashinda njaa na furaha.

Tone kama hilo alilipeleka pia upande wa pili wa tuta kuu, Isela, kwa Bibi Holo. Hapo sikupenda, lakini nilinyamaza. Sisi wa Mwanongu ni Bagalu, wale wa Isela ni Bagika. Ni vyama vya ngoma, na mgeni akisikia hivyo hudhani ni mchezo. Si mchezo. Kila mavuno tunashindana, wao wakicheza na fisi wao, sisi na nyoka wetu, na anayeshindwa anaimbwa mwaka mzima. Tunauziana mbuzi, tunazikana, hata kuoana. Lakini Mgika hamfuhi mtoto wa Mgalu. Baraka ya huku haivuki tuta.

Limi ni mtoto wa hapa. Hilo alilijua kabla hajajifunza kusoma.

*

Choo cha shule yetu kinapima mkojo. Kila mtoto akimaliza taa inawaka juu ya mlango, kijani akiwa mzima, nyekundu akiwa na kichocho. Kwetu ilikuwa haijawaka tangu siku ile ya kufungua maji. Mwalimu alikuwa akituambia imeungua, inangoja fundi.

Nilimpeleka Mbuke mwenyewe asubuhi ile, nikasimama mbele ya mlango nikatazama juu. Taa ilikuwa imefunikwa kwa kibati cheusi, kimekatwa vizuri, kimefungwa kwa skrubu kila pembe.

"Mwalimu," nikasema, "taa iliyoungua mnaivalisha kofia ya nini?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Ni maelekezo ya Daktari, Bibi. Majibu yanakwenda kwake moja kwa moja. Mimi siyaoni."

"Daktari yupi?"

"Huyo huyo wenu."

Sikurudi nyumbani. Nilichukua fimbo yangu nikapanda tuta kuu na kuelekea Isela, nikipita kwenye viatu vichache vya mpira vilivyosahauliwa tangu mwaka jana, jua limevipasua, ndani vimeota majani.

Bibi Holo alikuwa uani anakata viazi vya kuanika michembe. Ni mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliniona tangu mbali.

"Wande wa Bagalu amevuka tuta," akasema kwa wale wakwe zake waliokuwa wanatwanga. "Leo jogoo atataga. Leteni kigoda, asije akasema tumemkalisha chini kama aliyeshindwa ngoma."

"Mwangaluka, Holo."

"Mwangaluka, dada. Umekuja kujifunza kucheza?"

"Nimekuja kuuliza. Watoto wako wanakojoaje?"

Wakwe wakaacha kutwanga. Holo aliniangalia usoni, akaona sitanii. Akashusha sauti kidogo, ingawa sauti yake hata ikishuka inasikika bwawani.

"Wanakojoa vizuri. Taa yetu ni kijani mpaka inachosha. Kwani wako?"

"Taa yetu imefunikwa."

"Basi funueni. Au ni kinywa chako, Wande? Kimezeeka?" Akacheka, lakini si kwa ubaya, ndivyo tulivyozoeana. "Usinione natamba. Hata daktari wenu anajua baraka ilipo. Yule mwanawe mwenye miwani alimleta hapa."

"Kija?"

"Kija. Kabla hajaja kwako likizo. Waliingia kwa njia ya nyuma, mama mtu amejifunika kitenge kama mwizi wa kuku. Akanisihi nisimwambie mtu. Nikamwambia, mwanangu, nakuelewa, ni aibu mtoto wa Bagalu kufuhwa na Mgika, babu zako watageuka kaburini. Nikamfuha. Nilicheka kimoyomoyo mpaka mavuno." Akakata kiazi kingine. "Nilikuwa nakuwekea hiyo kwa siku ya ngoma. Sasa umeniharibia."

Alidhani ni siri ya ngoma. Mtu wa hapa angedhani nini kingine?

Nilikaa kwenye kile kigoda nikikumbuka siku Kija alipofika kwangu. Limi alimsimamisha mbele yangu, akamvua miwani isilowe, akaniambia, "Mfuhe na huyu, Bibi." Nikamfuha. Alikuwa anatabasamu, Limi. Halafu akawatazama Kija na Mbuke wakishikana mikono kuingia majini, mmoja amekingwa na mmoja hakukingwa, na akaendelea kutabasamu.

*

Limi alifika siku moja kabla ya kufungua maji ya mwaka huu, na gari la maabara lenye jokofu nyuma. Nilimwekea matobolwa kwenye sahani ya bati, na karanga pembeni. Nikamwacha ale. Hakuna neno zuri linalosemwa kwa mtu mwenye njaa, na baya ndiyo kabisa.

"Kija hajambo?" nikauliza.

"Hajambo, Bibi. Anakusalimu sana."

"Anakojoaje?"

Akaacha kutafuna.

Mbuke alikuwa uani anaruka kamba, tunamsikia anavyohesabu na kukosea. Limi aliweka sahani chini. Hakuuliza nimejuaje. Hilo ndilo lililoniuma mwanzo, kwamba hata hakujaribu kunidanganya, kama mtu aliyekuwa anaingoja siku hiyo kwa hamu.

"Tone lako lilikuwa maji ya chumvi," akasema. "Na ndimu."

"Kwa nini?"

"Bibi, bodi ya dawa haiwezi kuruhusu chanjo inayopita kwa mate bila kuona tofauti. Lazima pawe na upande wenye chanjo na upande mwingine usio nayo, na wote wawili waamini wanayo. Wakijua hawana, hawaingii majini. Wasipoingia, hatuna cha kulinganisha. Ilibidi watoto wa huku waingie bila woga kama wa Isela."

"Ndiyo maana ukataka nifuhe mimi."

"Ndiyo. Wewe ukiwaambia vueni viatu, wanavua."

Kamba ilikuwa inapiga ardhi huko nje.

"Hukutuuliza," nikasema.

"Ningewauliza mngekubali?"

"Usijibu kwa swali. Mimi si bodi."

Akafuta vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja. "Ilipigwa kura, Bibi. Mashine ndiyo iliyochagua. Kura ikaangukia Mwanongu kuwa upande mtupu. Ningeweza kuibadilisha, nilikuwa na uwezo huo. Niliketi mbele yake nikasema, nikiwapendelea wa kwetu, kazi yote ni uongo. Sikubadilisha. Unajua ilivyonigharimu?"

"Ya Mwanongu hukubadilisha," nikasema. "Ya Kija ulibadilisha."

Hapo alilia. Mimi nilitazama sahani. Sikumnyamazisha, na sikumshika, ingawa mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe kwa mazoea.

"Ipo sindano," akasema baadaye. "Dawa mpya. Inaua mnyoo uliozoea vidonge. Nimetenga kwa kila mtoto wa huku, siwaachi. Msimu huu ukiisha, matokeo yakasomwa, wote watachomwa."

"Mchome Mbuke leo."

"Nikimchoma leo, mkojo wake utabadilika, nao Mwanza wataona. Watasema nimeingilia. Wataifuta kazi yote."

"Na makovu ya kibofu? Sindano inayaua?"

Akageuza uso kuelekea uani.

"Bibi, nisikilize. Isela hakuna mtoto hata mmoja mgonjwa. Hata mmoja. Inafanya kazi. Umebaki msimu huu tu. Baada ya hapo chanjo itakwenda Nyasa, itakwenda Rufiji, Pemba, popote mtoto anapokanyaga maji. Haitaki jokofu wala barabara, inataka bibi mmoja tu. Kesho ukiwaambia watu, itakufa. Hakuna atakayeturuhusu kuanza tena." Akapiga magoti pale sakafuni, kama anavyopiga magoti mtoto wa kike anayeomba. "Wafuhe kesho. Mara moja ya mwisho. Hutasema uongo wowote. Utafanya unavyofanya siku zote."

Nilimwambia amalize matobolwa yake.

*

Watu walijaa juu ya tuta. Mlango wa maji ulikuwa umefunguliwa, na maji ya bwawa yalikuwa yanaingia kwenye majaruba taratibu, yanasukuma makapi na povu mbele yake. Watoto walipangwa mstari, viatu vya mpira mikononi. Mwaka huu kulikuwa na wapya, wale waliofikisha umri wa kubeba miche, na mama zao walikuwa wamewapaka mafuta mpaka wanameremeta. Wale wa mwaka jana walikuwa nyuma yao. Niliwatazama wale wa nyuma mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamejikunja kidogo, mkono chini ya kitovu, kama watu wazima.

Limi alisimama karibu na gari lake.

Nililetewa kibuyu. Nikapiga funda. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya moshi wa kibuyu. Mtoto wa kwanza, kisichana chenye shanga shingoni, akafumba macho na kufumbua kinywa.

Nikawaza watoto wa Nyasa. Nataka mjue niliwawaza. Siwajui majina wala sura, lakini niliwaona wamesimama nyuma ya wale wa Mwanongu, mstari unaokwenda mpaka macho yanakoma, wote vinywa wazi. Maji yakapata joto ndani ya mashavu yangu. Watu wakaanza kuguna. Kile kisichana kikafumbua jicho moja kuangalia kinachochelewesha.

Nikameza.

Mgeni asingeona kitu. Lakini mzee wa Kisukuma akishayashika maji mbele ya mtoto kisha akayameza, kila mtu anajua amemnyima. Maji tu ndiyo yaliyosikika. Mama wa yule mtoto aliweka mkono kichwani.

"Mtoto hana kosa," nikasema. "Kinywa changu hakina kitu. Mwaka jana pia hakikuwa na kitu, ila mimi sikujua. Anayejua ni yule pale, atawaeleza. Nyinyi wa nyuma mna kichocho. Wote vaeni viatu."

Kisha nikamshika Mbuke mkono, na kwa mkono wa pili nikamshika yule wa shanga, nikaanza kutembea juu ya tuta kuelekea Isela. Sikugeuka, lakini nilisikia viatu vya mpira vikinifuata, chwap, chwap, vingi.

Holo alikuwa anafungua maji ya kwake. Ngoma zao zilikatika tulipofika. Nilikwenda mpaka mbele yake, mbele ya Bagika wote na fisi wao, nikapiga magoti kwenye tope. Magoti yangu hayapendi tope.

"Holo, nimeleta watoto. Wafuhe."

Aliniangalia, akawaangalia watoto. Alikuwa na kila haki ya kuimba wimbo alioutaka.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi, ukiwa na maji ya kutosha."

"Wewe mzee utanimalizia bwawa," akasema, akachukua kibuyu. Alinifuha mimi kwanza. Nilifumba macho, nikafumbua kinywa, na baraka ya Mgika ikaingia ndani. Mimi haitanifanya nimpe mtu mwingine chochote. Ndivyo alivyotueleza Limi mwenyewe.

*

Alasiri Limi aliwachoma watoto wote wa mwaka jana, chini ya turubai kando ya gari. Hakukuwa tena na cha kuharibu. Mwenzake wa Mwanza alikuwa ameshampigia simu, nikamsikia akijibu, "Ndiyo. Pande zote mbili zimechanganyika. Ndiyo, imekwisha." Wazazi walisimama wakimtazama, sindano kwa sindano. Mbuke hakulia. Aliuliza kama sindano hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta kwenye jivu.

Sindano hazikuletwa kutoka popote. Zilitoka kwenye lile jokofu nyuma ya gari. Zilikuwemo jana, wakati anakula matobolwa yangu.

Jua lilipokuwa linaelekea machweo alikuja mlangoni. Alikuwa amevaa viatu vya safari. Angekwenda Dodoma mbele ya bodi, akawaeleze mwenyewe, na hakujua wangemfanya nini. Macho yake yalikuwa yamevimba kama alivyokuwa akivimba utotoni akichapwa na mama yake na kukimbilia kwangu.

Akapiga magoti, akainua uso. Hatujawahi kumwachia mtu wa nyumba hii aende safari ya namna hiyo akiwa mkavu.

"Bibi," akasema. "Nifuhe."

Kibuyu kilikuwa karibu, kinaning'inia kwenye msumari wake. Nilikiangalia. Halafu nikaokota ndoo ya jivu, nikasimama.

"Kwa Holo unapajua," nikamwambia. "Pita njia ya nyuma."